Ng'ambo ya Reli

Mgeni aliingia bila hodi, saa nne asubuhi, wakati wapimaji wote wamekwenda kunywa chai na ofisi ya ramani ina mtu mmoja tu. Waliozoea kufika pale ni wenye shida za viwanja: jirani kasogeza uzio, ndugu kauza urithi. Hao husimama mlangoni na kukohoa mpaka atokee wa kuwasikiliza, na kila mmoja hukumbatia bahasha ya karatasi zake kama mtoto mgonjwa. Huyu hakukohoa, na hakuwa na karatasi hata moja. Alivuta kiti cha mkuu wa kitengo, akakaa, akakunja nne.

Binti aliyekuwa mezani akaweka penseli chini.

"Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye unayeandika upya mipaka ya kata?"

"Mimi na wenzangu."

"Wenzako wanachora. Wewe unaandika."

Hilo lilikuwa kweli, na mtu wa nje hakupaswa kulijua. Tume ya Mipaka ilikuwa imeiagiza ofisi yao kuhakiki mipaka ya kata zote za mji kabla ya uchaguzi wa madiwani. Katika kitabu cha mipaka kila kata ina vitu viwili, mchoro na maneno, na sheria inasema vikigombana, maneno hushinda. Wapimaji wakubwa walikimbilia michoro, maana ndiyo inayopendeza ukutani. Maneno wakamwachia yeye, mdogo wa ofisi, mwenye shahada mpya na mkataba wa mwaka mmoja. Yeye alifurahi. Kila sentensi aliyoikuta kitabuni aliitembelea kwa miguu kuona kama ni ya kweli, ndiyo maana ofisi nzima ilimwita Hatua.

"Nina ombi dogo mno," mgeni akasema. "Sikuombi uandike kitu. Nakuomba usiandike. Kuna neno moja pale Kata ya Sokoni, libaki lilivyo."

"Neno gani?"

"Ng'ambo." Akafumba macho, akasoma kwa kichwa kama anayesoma sala. "Kata ya Sokoni ni nyumba zote mpaka kwenye reli. Nyumba za ng'ambo ya reli ni za Kata ya Tangini. Wazee wetu waliandika vizuri. Kuna haja gani ya kuwasahihisha marehemu?"

"Samahani, mzee. Unatoka ofisi gani?"

"Mimi ni raia tu, napenda Kiswahili cha zamani." Akainuka, akakirudisha kiti pale pale kilipokuwa, miguu yake sawasawa na alama zake sakafuni. Mlangoni akageuka. "Haya, Chiriku. Tumeelewana."

Machale yakamcheza. Hakuna mtu hata mmoja pale ofisini aliyelijua jina la Chiriku. Lilikuwa jina la nyumbani, la utotoni, enzi zile alipokuwa akipiga kelele kutwa nzima, na nyumba iliyomwita hivyo ilikuwa moja tu duniani. Tena mtu akikuomba ufanye jambo baya, angalau unajua baya lenyewe. Mtu anayefunga safari kuja kukuomba usifanye kitu amekuja kulinda nini?

Mchana huo akabeba daftari na gurudumu lake la kupimia, akaenda relini.

Jibu alilikuta limelala chini mbele ya macho ya kila mtu. Reli zilikuwa mbili. Kitabu kiliandikwa wakati kuna moja, ile ya zamani, ambayo sasa haipiti treni na mataruma yake yanatumika kuanikia magodoro. Miaka mingi baadaye ikajengwa reli mpya, mita mia nne kutoka ile ya kwanza, upande wa tangi la maji, ikawekewa uzio wa waya na daraja moja la watembea kwa miguu. Katikati ya reli hizo mbili palikuwa na nyumba zipatazo mia sita, barabara ya vumbi, mashine ya kusaga, na banda refu la bati lililojaa viti vya plastiki mpaka darini.

Mwenye banda alikuwa mzee mwembamba. Alikuwa akisugua kiti kwa brashi, na alipoliona gurudumu hakuacha.

"Mnakuja kubomoa?"

"Hapana, mzee. Shikamoo. Napima mipaka ya kata."

"Marahaba. Basi kaa. Chagua kiti, hapa hatuna shida ya viti." Akacheka mwenyewe. "Mimi wananiita Mwenye Viti. Usikosee ukasema Mwenyekiti. Mwenyekiti ana kimoja, na hicho hicho hakitoki. Mimi ninavyo mia tatu, na kila Jumamosi naviachia."

"Unakodisha kwa watu gani?"

"Harusi, misiba, mikutano. Ngazi wakija nawapa, Kikombe wakija nawapa. Makalio hayana chama, mwanangu."

Ngazi na Kikombe ndivyo vyama viwili vilivyogawana mji ule, kila kimoja kikiitwa kwa picha yake ya kwenye karatasi ya kura. Diwani wa Sokoni alikuwa wa Ngazi, wa Tangini alikuwa wa Kikombe, na hali ilikuwa hiyo hiyo tangu Hatua yuko shule ya msingi.

"Wewe unapigia kura kata gani?" akauliza.

Hapo mzee akaacha kusugua. "Swali hilo ndilo nililokuwa nikiwauliza wao. Uchaguzi uliopita niliamka mapema, nikavaa koti. Nikaenda Sokoni. Karani akatazama ramani yake, akaniambia, mzee, wewe ni wa ng'ambo. Nikashukuru. Nikapanda daraja, nikashuka Tangini. Karani wa kule akatazama ramani yake, akaniambia, mzee, wewe ni wa ng'ambo. Nikamwambia, ng'ambo ndiko nilikotoka! Akasema basi rudi. Nikarudi. Sokoni wakasema jina langu wamelifuta kwa sababu nimekwenda Tangini."

"Hukupiga kura?"

"Nilipiga miayo." Akalipindua kiti, akaanza kusugua miguu yake. "Wengine waliruhusiwa. Mwenye mashine alipiga Sokoni. Nyumba ya nyuma yake, Tangini. Sijui walikuwa wanachagua kwa sura au kwa viatu."

Hatua alijua si sura wala viatu. Neno moja, reli mbili: anayesimamia kituo siku hiyo angeweza kuichagua reli aitakayo kwa kila mtu atakayesimama mbele yake, na kila mara kitabu kingemuunga mkono. Akajisikia joto la hasira usoni, na chini ya hasira furaha fulani ya kitoto, kwamba kidonda chenyewe ni cha neno, na yeye kazi yake ni maneno.

"Mzee, mimi nitaliandika upya."

"Wameshakuja wengi na magurudumu."

"Nitakuja mwenyewe kukwambia. Siku karatasi ya mipaka itakapobandikwa, siku hiyo hiyo, nitakuja hapa bandani nikwambie uko wapi."

Mwenye Viti akamtazama kwa muda, jinsi mtu anavyotazama kiti kilichorudishwa na ufa. "Usije ukaapa. Sema tu utakuja."

"Nitakuja."

Siku tatu zilizofuata alifanya kazi kama alivyofundishwa na mwalimu wake wa upimaji, aliyekuwa akiwaambia wanafunzi kwamba mchora mipaka anatakiwa asijue chakula kitakwenda kwenye sahani ya nani. Ndani ya kabati la chuma pale ofisini palikuwa na jalada la matokeo ya kura, kituo kwa kituo. Mkuu wa kitengo alikuwa amemshauri alipitie, "upate picha." Hatua hakuligusa. Aliomba ufunguo wa kabati ukae kwa mtunza stoo, na wenzake wakamcheka: Hatua anajificha asiibiwe na karatasi!

Alihesabu watu badala ya kura. Kata ya Tangini ilikuwa imejaa pomoni, ya Sokoni ilikuwa na upungufu. Alikaa kwenye daraja asubuhi moja nzima akihesabu wanaovuka: walikuwa wachache, na wengi wao walikuwa mafundi wa reli. Akakaa kwenye reli ya zamani asubuhi nyingine: watoto wa shule, wajawazito waendao zahanati, wenye ndoo, wenye mikokoteni, wote wakielekea Sokoni, wakiruka mataruma bila kuyatazama. Watu wale walikuwa wameshaamua zamani kwa miguu yao. Akaandika:

*Nyumba zote zilizo kati ya reli ya zamani, isiyopita treni, na reli mpya yenye uzio, ni za Kata ya Sokoni. Mpaka wa Sokoni na Tangini ni uzio wa reli mpya.*

Akaisoma akiwa amesimama upande wa dirisha, kisha akaisoma akiwa upande wa mlango. Kokote ulikosimama, ilisema kitu kile kile. Neno ng'ambo halikuwemo.

Mkuu wa kitengo aliisoma mara mbili. Alikuwa mtu mpole, mwenye kaptula mbili za michezo ndani ya droo na stakabadhi za miaka kumi juu yake, na Hatua alikuwa hajawahi kumwona akiogopa. Sasa alifuta miwani ambayo haikuwa na uchafu.

"Umeandika vizuri mno," akasema. "Ndiyo shida."

"Kuna kosa?"

"Hakuna kosa. Nasikia Tume wanapenda maneno ya zamani yabaki. Mambo ya historia."

"Nani kasema, bosi?"

"Nasikia tu." Akaivuta karatasi nyingine kutoka chini ya kitabu. Ilikuwa imeshapigwa chapa tayari, na ng'ambo ya reli ilikuwa imekaa pale pale pake. Chini kulikuwa na mstari wa sahihi: *mpimaji aliyehakiki kwamba maneno haya yanalingana na ardhi*. "Rasimu inabandikwa Ijumaa ijayo asubuhi kwa ajili ya pingamizi. Wewe ndiye uliyekwenda kule, kwa hiyo sahihi ni yako. Nipe kabla ya saa nane mchana siku hiyo. Na saa nane hiyo hiyo nitakuwa na barua yako ya ajira ya kudumu, nimeshaiombea."

"Nisiposaini?"

"Mkataba utakwisha mwisho wa mwezi, atasaini mwingine." Alisema bila ukali, kama anayesoma utabiri wa mvua. "Na Hatua, mwanangu, mtumishi haruhusiwi kwenda kuwafafanulia wananchi rasimu mitaani. Ni kosa la nidhamu. Nakwambia kwa sababu nakujua."

Akatoka pale akiwashuku watu wote. Alimshuku mtunza stoo na ufunguo wake. Alimshuku dada wa mapokezi, ambaye aliacha kuongea na simu alipompita. Ni ugonjwa mbaya huo. Ukishauanza, hata salamu unaigeuza nyuma kuona imeandikwa nini. Lakini mtu mmoja alikuwa hajamshuku bado, kwa sababu moyo haukutaka, na Jumamosi alasiri akaenda kwake.

Mjomba ndiye aliyemlea tangu darasa la pili. Yeye ndiye aliyekaa naye mezani akimshikia rula atelezeshe penseli, yeye ndiye aliyelia siku ya mahafali kuliko hata mhitimu mwenyewe. Vilevile alikuwa katibu wa Kikombe, na sebule yake ilikuwa na makochi mengi kuliko familia, kwa ajili ya vikao.

"Chiriku wangu! Siku hizi huimbi," akasema. Mkazamjomba akaleta chai, akambusu Hatua kichwani, akaketi pembeni na ufumaji wake.

Walizungumza habari za ndugu, za mafua, za paa linalovuja. Kisha Hatua akaweka kikombe chini.

"Mjomba, kuna mtu alikuja ofisini Jumatatu. Aliniita Chiriku."

"Yule ana mdomo!" Mjomba akacheka. "Nilimwambia akikukuta akuite binti wa ramani."

"Nilidhani ni mtu wa Ngazi."

"Ni mtu wa Ngazi."

Sindano za mkazamjomba zikasimama. Hatua akatazama makochi yale, na kwa mara ya kwanza akajiuliza ni nani wote waliowahi kuyakalia.

"Sikiliza, mwanangu," Mjomba akasema, akasogea karibu, na sauti yake ilikuwa ile ile ya kufundishia hesabu. "Sisi na wao tumegombana miaka ishirini. Watu wamevunjana meno. Sasa tumekaa kama watu wazima. Wao wana Sokoni, sisi tuna Tangini, kila mtu abaki na chake. Wale wa katikati ndio wasiotabirika. Leo huku, kesho kule. Kwa hiyo siku ya kura wasimamizi wanawagawa, wa kwetu waje kwetu, wa kwao waende kwao, na waliobaki..." Akapunga mkono kama anayefukuza nzi.

"Waliobaki wanapiga miayo."

"Eti?"

"Hakuna kitu. Ni nyumba mia sita, Mjomba."

"Mia sita tu."

"Wewe ulinifundisha kwamba Ngazi ni wezi."

"Na ni wezi! Ndiyo maana nimekaa nao karibu niwaone mikono." Akacheka, lakini Hatua hakucheka, na yeye akaacha. "Unadhani nani atachora, kama si sisi? Malaika?"

"Mtu asiyegombea. Mtu ambaye akimaliza kuchora hapati kitu wala hakosi kitu. Wapo, Mjomba. Wapewe kazi hiyo, wafungiwe jalada la kura, na kila mstari wausemee sababu hadharani. Mchezaji hapimi goli atakalofungwa mwenyewe."

"Maneno ya chuoni."

"Ndiyo. Ulinipeleka wewe."

Mjomba akainamia kikombe chake. Aliponyanyua uso, upole ulikuwa umepungua. "Nani kakujaza haya? Yule mzee wa viti? Nimeambiwa ulikaa kwake saa nzima. Alikwambia mkewe ni nani?"

"Sikumwona mkewe."

"Mkunga wa zahanati. Anagombea udiwani bila chama, na kura zake zote ziko hapo katikati. Hakukwambia, eh? Alikuvika kilemba cha ukoka, ukakivaa, ukaenda nacho ofisini. Wewe na mimi hatuna tofauti, Chiriku. Tofauti ni kwamba mimi najua ninamfanyia kazi nani."

Neno hilo lilimwingia kama maji baridi. Akainuka kuaga, na Mjomba akamshika mkono mlangoni.

"Saini hiyo karatasi. Usiposaini watasema nimeshindwa kumwongoza mtoto wa nyumbani mwangu. Nitawaambia nini? Bora usije kwanza hapa mpaka vumbi litulie."

Mkazamjomba alimsindikiza mpaka getini, akamfunga vifungo vya sweta kama mtoto anayekwenda shule, akarudi ndani.

Usingizi wa siku zile ulikuwa wa mang'amung'amu. Kumbe hata vichekesho vile vya makalio na miayo vilikuwa chambo? Akarudia hesabu zake zote kutoka mwanzo, akizikagua kama mali ya mtu asiyeaminika, na safari hii mtu huyo alikuwa yeye. Watu waliovuka daraja: wale wale. Ndoo, mikokoteni, wanafunzi: wale wale. Je, aliiweka mitaa ile Sokoni kwa sababu mzee alimchekesha? Alijaribu kufikiria kama huko Sokoni mkunga angeshinda au angeshindwa, akagundua hajui. Hakuwa ameligusa lile jalada. Kutokujua huko ndiko kulikokuwa kumesafisha mkono wake, akapumua.

Ijumaa asubuhi rasimu ikabandikwa kwenye ubao wa halmashauri, nyuma ya kioo, kwa herufi ndogo. Nyumba za ng'ambo ya reli. Karatasi ya sahihi ilikuwa juu ya meza yake, na kalamu imewekwa juu yake na mtu mwenye nia njema. Saa saba wenzake walipotoka kwenda kula, akachukua nakala ya sentensi yake, akachukua fomu za pingamizi kutoka kwenye sanduku la mapokezi, kiganja kizima, zilikuwa za wananchi na hazijaguswa. Dada wa mapokezi alimtazama, akageuza kiti chake akatazama ukuta.

Gari la Mjomba lilikuwa limeegeshwa kando ya mashine ya kusaga. Kioo kilikuwa kimepandishwa, lakini alimjua kwa mkao wa kofia. Pengine alikuja kumzuia, pengine kuhakikisha tu. Hatua hakwenda kuuliza. Alipita mbele ya boneti, akamsalimia kwa kichwa kama inavyompasa mtoto kumsalimu mjomba wake, akaingia bandani.

Mwenye Viti alikuwa anakula pamoja na mwanamke mnene mwenye gauni la zahanati.

"Umekuja," mzee akasema.

"Hukuniambia mkeo anagombea."

Mzee akatafuna taratibu, akameza. "Nilikuuliza niko wapi. Sikukuuliza mke wangu atashinda wapi. Ningekwambia, ungeondoka. Wote huondoka."

"Ningebaki."

"Sasa najua. Juzi sikujua." Hakuonekana kuona haya, wala hakuonekana kuwa mjanja, alionekana mtu aliyedanganywa mara nyingi akawa anatoa ukweli kidogo kidogo, kama dawa ya matone.

Hatua hakuketi. "Nilisema nitakuja nikwambie. Kwa karatasi waliyobandika leo, hupo popote. Sokoni watasema wewe ni wa ng'ambo, Tangini watasema wewe ni wa ng'ambo, na wote watakuwa na karatasi hiyo hiyo mkononi. Kwa hatua nilizopima mimi, wewe na nyumba zote mpaka kwenye uzio wa reli mpya ni wa Kata ya Sokoni. Nimeiandika hapa. Wameitupa."

"Sokoni!" mkunga akasema, na kijiko kikabaki hewani. "Huko hawanipendi hata kidogo. Nusu yao nimewazalisha mwenyewe na nikawapigia kelele. Tangini ningeshinda nimelala. Huwezi kuisogeza kidogo, mwanangu? Kidogo tu?"

"Siwezi, mama."

"Sentensi moja tu."

"Sikukuandikia wewe, mama. Wala sikuwaandikia wao."

Mkunga akamtazama Hatua, akamtazama mumewe, kisha akacheka kicheko cha tumbo ambacho kiliondoa uchovu wote usoni pake. "Kumbe yupo! Nilidhani umemtunga," akamwambia mume. Akafuta mikono. "Haya. Sokoni basi. Nitawapigia kelele tena. Fomu inajazwaje?"

"Mnaandika maneno mnayoyapinga, na maneno mnayotaka yawekwe. Mkiwa na shahidi aliyepima, Tume inalazimika kusikiliza hadharani."

"Na shahidi ni nani?" Mwenye Viti akauliza polepole, maana alishaijua bei yake.

Hatua akatoa kalamu. Akaandika jina lake lote, la kwake na la baba yake, akaandika *mpimaji*, akatia sahihi. Ilikuwa sahihi yake ya kwanza kwenye karatasi yenye maana.

Mwenye mashine akachungulia. "Kuna nini?"

"Huyu binti anajua tulipo," mkunga akasema.

"Tuko wapi?"

Hatua akarudia. Mwenye mashine akamwita jirani wa nyuma, yule aliyepigia kura Tangini. Jirani akaja na mama yake, asiyesikia vizuri, na ikabidi maneno yarudiwe kwa sauti, mpaka wapita njia nao wakaingia kuuliza anayegombezwa ni nani. Kila mtu alitaka aambiwe yeye mwenyewe, nyumba yake, mlango wake. Hakuna aliyeridhika kwa kusikia alivyoambiwa mwenzake. Hatua hakuwalaumu. Aliuliza kila mmoja nyumba ilipo, akatafuta kwenye daftari lake, akamjibu, akashuhudia fomu yake.

Huko nje injini ya gari iliwaka. Ikaunguruma pale pale kwa muda mrefu, kisha ikaondoka bila haraka. Redio ya mashineni ikapiga mlio wa saa nane.

Mwenye Viti alimtazama. "Hukuwa na pahala pa kuwa saa nane?"

"Nilikuwa napo," akasema, na akavuta fomu nyingine. Mbele yake alisimama mwanamke mwenye ndoo, hata hajaitua kichwani. "Ndiyo, mama. Nyumba yako ni ipi?"